Sababu ya Nne

Jumatatu, 7 Julai 2025. Mbulu mjini

Nimeshuka kwenye basi saa nne, na baridi imenipokea kabla ya binadamu yeyote. Mimi ni mtoto wa Katesh, mlima Hanang unaonekana ukiwa mlangoni pa duka la baba, kwa hiyo upepo naujua. Huu wa Mbulu una makusudi. Ushirika wetu wa mashine umenileta hapa msimu mzima wa kuvuna ngano ili nimwangalie mtu mmoja anavyotumia skrini niliyoichora mimi. Mtu mwenyewe ni Mama Philomena, mpangaji wa kombaini, mwenyeji wa Endagikot, miaka kumi na tisa kwenye kiti kilekile.

Niandike vizuri kazi yenyewe, maana hata mama yangu mzazi bado anawaambia watu kwamba natengeneza simu. Ushirika una kombaini sita, na vijiji sitini na nane vinazisubiri, kutoka Hirbadaw kule Hanang hadi Masieda huku Mbulu. Zamani aliyeamua ipi iende wapi ni Mama Philomena. Mwaka huu inaamua programu ya Mudathir, mwenzangu wa ofisi ya Arusha, kichwa cha hesabu kweli kweli. Kila alfajiri inapitia maelfu ya mipango, inapima umbali, dizeli, ekari na ukavu wa ngano, kisha inachagua mpango mmoja ulio bora kuliko yote. Mimi nashughulika na kile kinachokaa kati ya hesabu na mtu: maandishi, ramani, vitufe. Chuoni tulikiita kiolesura. Mama Philomena anakiita kioo.

Nimechora kitufe kimoja tu. Kikubwa, cha kijani, kimeandikwa KUBALI. Mpangaji anaweka kidole gumba, alama inasomwa ili ajulikane aliyekubali, na mpango unakwenda kwenye vishikwambi vya madereva. "Mtumiaji asipewe nafasi ya kukosea," ndivyo nilivyosema Arusha mbele ya ofisi nzima, wakanipigia makofi.

Mama Philomena amekitazama, amevua miwani, ameivaa tena.

"Sasa mimi kazi yangu hapa ni nini?"

"Ni kubonyeza, mama."

"Basi ungemletea kuku. Unamwekea punje ya hindi hapo katikati, anadonoa, na likizo haombi."

Sikucheka. Sikuja hapa kuchekeshwa.

Jumanne, 8 Julai

Nimenunua sweta mbili za mtumba. Nimezivaa zote.

Ijumaa, 11 Julai

Nimemkamata. Kila asubuhi anabonyeza KUBALI kwa heshima zote, halafu anatoka nyuma ya ofisi na simu yake ya batani na kuwapigia madereva mmoja mmoja. Leo nimesimama dirishani nikamsikia: "Margwe, achana na hiyo ya kwenye kioo. Anza na wale wa bondeni, ngano yao imetangulia." Na Margwe, dereva wa kombaini namba nne, mtu mzima mwenye watoto watano, anaitikia kama mtoto wa shule. Kwenye ramani yangu mashine zinatangatanga kama mbuzi waliokosa mchungaji.

Modest, meneja wetu wa mradi, amepiga simu kutoka Arusha. Karibu nusu ya mipango haifuatwi. Tarehe 11 Agosti wafadhili wanakuja kuona mfumo ukifanya kazi, na anataka utii wa asilimia tisini na tano. "Dada Samira, mdhibiti huyo mama," alisema.

Nilimuuliza mama kwa nini anafanya hivi. Akafungua daftari lililojaa madoa ya mafuta, limeandikwa kwa kalamu za rangi tatu, akanisogezea. Sikulisoma. Nilimwambia hayo yote mfumo unayajua. Alilifunga taratibu akalirudisha kwenye mkoba wake, na mchana mzima hakunisemesha.

Jumapili, 13 Julai

Umeme hakuna, mtandao hakuna. Nimefua.

Jumatano, 16 Julai

Nimeziba tundu. Kuanzia leo kombaini haiwaki nje ya kijiji kilichopangwa na njia ya kwenda huko; kifaa kilichofungwa kwenye injini kinaikatalia. Na dereva akifika mahali asivune, kishikwambi hakimfungulii safari inayofuata mpaka achague sababu. Nimeweka sababu tatu: Mashine mbovu. Mvua. Mkulima amekataa. Nilikuwa nazo tisa, nikazipunguza mpaka zikabaki tatu, kwa sababu dereva ana jua usoni na grisi mikononi, hana muda wa kusoma orodha. Skrini imependeza. Najisifu mwenyewe maana hapa hakuna wa kunisifu.

Mama Philomena alipomaliza kunisikiliza aliuliza, "Na simu yangu?"

"Simu unaweza kupiga, mama. Mashine ndiyo haitakusikia."

Nimelisema hilo kwa raha. Naliandika kama lilivyotoka.

Jumatatu, 21 Julai

Kombaini namba nne imepangiwa Masieda, siku nne. Saa tatu Margwe akapiga simu. Alipoona watu wamekaa nje ya nyumba ya kwanza, wengi, kimya, alizima injini huko huko barabarani, akateremka, akaenda kwa miguu kuwasalimu. Bibi Kornelia amefariki alfajiri. Kesho wanazika, na baada ya kuzika wanakaa siku tatu. Upande ule wa kijiji hakuna atakayeingia shambani, na hakuna atakayewasha injini karibu na watu waliokaa matangani. Wenyewe hata hawakuhitaji kumweleza.

"Asitie mguu hapo mpaka Jumamosi," Mama Philomena akaniambia. "Mpeleke Endagikot, arudi Jumamosi."

Tukafungua orodha. Mashine mbovu? Fundi angetumwa, na kombaini ingefungwa siku tatu. Mvua? Mfumo unasoma hali ya hewa wenyewe, ungekataa. Mama alikaa na kidole hewani.

"Wameandika wapi msiba?"

"Haupo, mama. Chagua ile ya tatu. Tutarekebisha baadaye."

Alinitazama. "Lakini hawajakataa."

"Ni neno tu la kwenye mfumo."

Akachagua ya tatu. Margwe akafunguliwa, akaenda Endagikot.

Alhamisi, 24 Julai

Vumbi. Mafua. Mama kaniletea tangawizi na asali bila maneno.

Ijumaa, 25 Julai

Asubuhi mama aliuliza, "Kesho Masieda wanatoka matangani. Mbona siwaoni?"

Nikatafuta. Mistari tisa ya mwanzo, hakuna. Ishirini, hakuna. Masieda nimeikuta mstari wa sitini na moja, wa mwisho kabisa. Nikampigia Mudathir, akanijibu kwa sauti ya mtu anayekumbushwa kitu alichokwisha kukieleza: kijiji kikikataa mashine kinatolewa kwenye mpango siku kumi na nne, na kikirudi kinakaa nyuma ya wote, ili dizeli isipotee kwa watu wasiokuwa tayari. Nilikuwepo kwenye kikao kile. Nilikuwa nahangaika na rangi za vitufe.

"Watavuniwa lini?"

"Tarehe kumi na tisa, Agosti. Labda ishirini."

Ngano ya Masieda ilikuwa tayari Jumatatu iliyopita. Ikikaa mwezi mzima juani itapukutika yenyewe chini, na hapo ni iwapo ndege hawatakuja.

Mama Philomena hakunigombeza. Alisema tu, "Nilikwambia hawajakataa," akaenda kuchemsha chai. Nimekaa kwenye kiti nikaona aibu, aibu ya kweli, ya kutotaka mtu akutazame.

Jumamosi, 26 Julai

Mudathir anasema hawezi kufuta bila ruhusa ya Modest. Modest anasema hafuti. Akianza na kijiji kimoja, kesho watakuja kumi, na tutarudi kule kule kwa kila mwenye shangazi ofisini kuvuniwa kwanza. Nikamwambia ni msiba. Akasema, "Dada, misiba haiishi. Mfumo hauwezi kulia na kila mtu."

Hakuna aliyeuomba ulie. Nimemkatia simu meneja wangu kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Jumapili, 27 Julai. Nimetoka Masieda

Mama Philomena alisema twende kutoa pole, na kwamba huko sitasimama nyuma yake. Margwe ametupeleka na pikipiki ya shemeji yake, watu watatu, vumbi mpaka kwenye kope.

Tumesalimu nyumba ya Bura, mtoto mkubwa wa marehemu, kisha Mzee Agustino, mwakilishi wa wakulima wa pale, akatuita pembeni. Ni mtu mrefu, koti la suti juu ya sweta.

"Shikamoo, mzee. Poleni sana na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa." Kisha akasema, "Margwe ananiambia kompyuta imeandika sisi tumekataa mashine."

"Ndiyo, mzee."

"Nani alikataa? Nitajie mtu mmoja."

"Hakuna aliyekataa."

"Sasa imeandikwaje?"

Mama alifungua mdomo, nikamuwahi. "Mimi ndiye niliyesema iandikwe hivyo. Kulikuwa na sababu tatu, msiba haukuwemo. Na hizo sababu tatu nilizipanga mimi."

Hakupandisha sauti. "Mashine hii tunaiomba kila mwaka. Tunapiga simu, tunatuma watu. Halafu binti wa watu anakaa Mbulu, anaandika kwamba tumeikataa."

Alinipeleka kwenye shamba lake, la chini kabisa, kuelekea bondeni. Akakata suke moja, akalisugua kiganjani mara moja tu, punje zote zikatoka. Akanimwagia mkononi. "Hii ilikuwa ya kuvunwa juzi," akasema. "Leo naigusa tu na kuomba isianguke."

Sijawahi kuogopa ngano. Leo nimeiogopa. Tukiwa njiani kurudi nimemwomba mama daftari, nikaanza kulisoma juu ya pikipiki, na tulipofika nikaendelea kulisoma jikoni kwake. Nyekundu ni msiba au ugonjwa. Bluu ni mteremko wa kivulini, ngano inachelewa wiki. Nyeusi ni daraja bovu, ugomvi wa mpaka, mjane asiye na mtu wa kubeba magunia. Miaka kumi na tisa. Kati ya hayo yote mfumo wetu ulijua daraja moja.

Jumanne, 29 Julai

Sitaki tena kufutiwa kosa kwa hisani. Nataka skrini nyingine.

Tumetandika karatasi ya manila mezani, mama akachora vijiji kwa mkono, tukatumia maharage sita ya soya ya njano kuwa kombaini. Nilimwambia, "Nionyeshe unavyotaka kuongea nayo." Akaweka harage moja juu ya Masieda na kulikandamiza kwa kidole.

"Hii nimeishika mimi. Asiiguse. Hizo tano zilizobaki apange yeye huyo kijana wenu, maana kwa njia na dizeli ananishinda. Lakini niliyoishika, nimeishika."

Miaka miwili ofisi nzima tulibishana kama aamue mtu au iamue hesabu. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kushika harage moja.

"Na kingine," akasema. "Nikishika hii, anionyeshe naumiza nani. Kwa jina la kijiji, siyo asilimia."

Nimempigia Mudathir. Akacheka peke yake. Kwa hesabu ni jambo dogo, anasema: ukiifunga sehemu moja ya mpango, programu inatafuta bora ya zilizobaki kwa dakika mbili. "Tatizo hakuna aliyeniuliza." Modest hatakubali, nikamwambia. Akajibu kwamba ataweka faili mahali nitakapoliona na hatajua nani amelichukua.

Ijumaa, 1 Agosti

Margwe ameona kwelea kwelea, wale ndege wala nafaka, upande wa Yaeda. Wengi.

Jumamosi, 2 Agosti

Skrini mpya imewaka. Tumeijaribu kwa mipango ya miaka iliyopita ya mama, ile ya kwenye daftari. Kila mwaka alianza na Endagikot. Kila mwaka skrini ikaandika kwa nyekundu: Hirbadaw wanasubiri siku tatu zaidi.

Nilitamani kuifunga asione. Hakuniruhusu. Alisoma mwaka baada ya mwaka, midomo ikicheza.

"Ndiyo maana Hirbadaw wananinunia," akasema mwishowe. "Nilidhani ni tabia yao."

"Kwa nini ulikuwa unaanza na Endagikot, mama?"

"Kwa sababu nalala Endagikot, mwanangu. Nikiamka, ngano ninayoiona dirishani ni ya kwao."

Nimempenda kwa hilo kuliko kwa yote mengine. Wapo wakubwa wangu ambao wangelaumu mtandao.

Jumanne, 5 Agosti

Siku kumi na nne zimekwisha jana. Masieda wamerudi kwenye mpango, mwisho wa foleni, tarehe kumi na tisa kama ilivyosemwa.

Nimemwonyesha Modest skrini mpya kwa video. Sababu ziko nne sasa, ya nne ni Msiba, na haina adhabu. Alitazama dakika tano. "Nzuri," akasema. "Tutaijadili baada ya msimu."

"Baada ya msimu Masieda hakuna cha kujadili."

"Tukimpa mpangaji nafasi ya kubadilisha, tumenunua kompyuta ili tuandikie daftari. Wafadhili wanakuja kuona mfumo unaoamua. Usiiweke, Samira. Hayo ni maelekezo."

Alivyoniita bila dada, nilijua amekasirika. Na mimi nimekasirika, na mimi sina gari la ofisi la kukasirikia ndani, kwa hiyo nimetembea hadi nikachoka.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Ofisi imefungwa. Ngano haijui sikukuu.

Jumamosi, 9 Agosti

Mzee Agustino amepiga simu. Ndege wametua bondeni asubuhi. Watoto na wanawake wanapiga madebe, wanaume wanarusha mawe, ndege wanaruka na kutua tena. Hakuuliza chochote. Alitaka tujue tu.

Jumatatu, 11 Agosti

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Wageni walikuwa watatu. Modest alifunga tai. Ukutani tulitundika shuka jeupe, skrini ikaonekana kubwa, na kitufe changu cha kijani kikang'aa kama mtu aliyealikwa harusini. Saa moja kamili mpango wa siku ukatoka. Modest akaeleza kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kwamba kompyuta imepitia mipango elfu arobaini. Kisha akasema, "Mama yetu, tafadhali, tubonyezee."

Mama Philomena alikuwa amekaa mbele ya meza, kitenge kipya, mikono mapajani.

"Sibonyezi."

Modest akacheka kwa ajili ya wageni. "Mama anatania. Watu wa Mbulu wanapenda utani."

"Sitanii. Mmeniwekea kitufe kimoja, mkasema ni cha kukubali. Mimi sikubali. Sasa nibonyeze nini?"

Modest akainama, akaweka kidole gumba chake mwenyewe. Ukutani, kwa herufi kubwa, ikaandikwa: ALAMA HAITAMBULIKI. Alama ile niliiweka mimi, ili mpango ukiharibika tujue wa kumlaumu. Sikuwahi kufikiria kwamba asiyeweka kidole naye amesema kitu.

"Samira," Modest akasema taratibu, "ingia kwa nywila yako ya ufundi, uruhusu."

"Naweza," nikasema. "Lakini siruhusu."

Simu ya mama ikaita. Akaiweka kwenye spika, wote wasikie. Ni Margwe. "Shikamoo mama. Tuko sita hapa barabarani, vishikwambi vimenyamaza. Twende au tukae?"

"Marahaba. Kaeni."

"Sawa mama."

Hakuuliza sababu. Nilimwona mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye shajara kubwa kuliko hii, akiinua kichwa. Akauliza kwa Kiswahili cha polepole: mpango huu una kasoro gani? Mama Philomena akasimama, akaenda ukutani, akaweka kidole juu ya Masieda kwenye lile shuka, na kumweleza. Bibi Kornelia. Injini iliyozimwa barabarani. Sababu tatu. Neno lililoandikwa. Ndege. Hakunitaja. Nikanyoosha mkono kama darasani nikasema aliyeziandika sababu hizo ni mimi.

"Na hakuna skrini nyingine?" mgeni akauliza.

"Kwa sasa hakuna," akasema Modest.

"Ipo," nikasema.

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi. Kombaini sita zimesimama, jua limeshapanda, wageni wanatazama saa. Modest akanisogelea, akanong'ona karibu na sikio: "Iweke. Na ujue hii ndiyo kazi yako ya mwisho na sisi."

Nikaiweka.

Mama Philomena alishika kombaini namba nne, akaivuta mpaka Masieda, akachagua Msiba. Dakika mbili tulisubiri, nilizisikia zote. Mpango mpya ukatoka, na chini yake mstari mwekundu: Hirbadaw watasubiri siku moja na nusu zaidi. Wageni wakageuka kumtazama. Nilidhani atabonyeza. Badala yake akachukua simu akampigia Safari, kiongozi wa wakulima wa Hirbadaw.

"Kila mwaka sisi!" Safari akafoka, chumba kizima kikasikia. "Kila mwaka, Mama Philomena!"

"Ni kweli, na kosa lilikuwa langu. Mwaka huu nakuambia kabla, na sababu nakupa. Masieda wamefiwa wakaandikiwa kwamba wamekataa. Ndege wameshafika kwao."

"Amefariki nani?"

"Kornelia, mama yake Bura."

Sauti ya Safari ikashuka. "Basi waende. Lakini Alhamisi asubuhi nataka kusikia injini."

"Alhamisi utaisikia."

Ndipo akaweka kidole.

Jumatano, 13 Agosti. Masieda

Kombaini imevuna tangu jana mchana. Jana kabla ya kuanza mama alimuuliza Mzee Agustino aanze na nani, na yeye akasema waanze na nyumba ya Bura, kisha wa juu, wale ambao bado wana kitu. Shamba lake la bondeni, ambako ndege walitua kwanza, likawa la mwisho.

Mwaka jana alitoa magunia kumi na moja pale. Leo matatu, na la tatu halikujaa. Nilisimama karibu na lile la tatu nikasema pole. Akasema asante, kwa adabu. Ningependa angenitukana.

Margwe alipozima mashine, Mzee Agustino aliniambia, "Binti, wa juu wamepona. Hilo nimeliona." Kisha akaenda kufunga magunia.

Ijumaa, 22 Agosti

Skrini mpya inatumika na madereva wote. Hirbadaw walisikia injini Alhamisi, kabla ya chai. Mgeni yule ameisifia skrini kwa maandishi, na Modest ameisambaza sifa hiyo kwa ofisi nzima kwa jina la "timu".

Mkataba wangu unaisha tarehe thelathini na moja, hauongezwi. Leo amenitumia ripoti ya msimu, nisaini kama msanifu. Nimeisoma mara tatu. Ukurasa wa sita: "Masieda: upotevu wa mavuno umetokana na wakulima kuchelewa kupokea huduma." Akisaini kila mtu, anasema, atanipa barua nzuri ya utambulisho, na kazi zipo tele kwa mtu kama mimi.

Nimempigia Mudathir. Amesaini. "Nina watoto, Samira," akasema. Sikumjibu vibaya. Faili aliliweka mahali nilipoliona.

Jumatatu, 25 Agosti

Sikusaini. Nimekaa kwenye meza ya Mama Philomena tangu saa mbili, yeye anapanga kombaini, mimi naandika, kila mmoja na kioo chake. Mara nne nimeandika kwa lugha ya ofisi, mara nne nimefuta. Mara ya tano nimeandika hivi:

"Wakulima wa Masieda hawakukataa wala hawakuchelewa. Tarehe 21 Julai walikuwa na msiba. Mfumo haukuwa na neno hilo kwa sababu mimi sikuliweka, na nilimwelekeza mpangaji achague neno la uongo ingawa aliniambia ni la uongo. Kijiji kikaadhibiwa wiki tatu. Mzee Agustino amepoteza magunia manane. Jina langu ni Samira Bashiri."

Nimeituma saa nne na robo kwa Modest, kwa bodi ya ushirika, na kwa wale wageni watatu. Saa nne na dakika ishirini Modest amepiga. Sikupokea. Amepiga tena. Mama Philomena ameisogeza simu yangu pembeni kwa kidole kimoja, kama anavyosogeza kombaini, na kunipa ile yake ya batani.

Nikampigia Mzee Agustino. Nikamwamkia, nikamwambia kuna kitu nimeandika, kimekwenda kwa wakubwa wote, na kabla hajakisikia kwa mtu mwingine nataka akisikie kwangu. Nikamsomea chote, polepole, mpaka kwenye jina langu.

Nilisikia kuku, na mtu anakata kuni kwa mbali.

"Soma tena," akasema. "Ngoja kwanza nimwite mama watoto asikie."

Nikangoja. Alipofika, nikasoma tena.